Waliouawa kwa Uchawi Wahesabiwe, Wasikisiwe

Mazungumzo juu ya uchawi yanapozuka hapa kwetu Ukambani, iwe ni mkahawani mjini Kitui au ndani ya matatu ya kwenda Wote, hakosi kutokea mtu mmoja akasema: "Wazungu wenyewe walichoma wachawi milioni tisa. Watatufundisha nini?" Wasikilizaji huitikia kwa vichwa na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo yangepasa kuanza. Hesabu hiyo si ya kweli, na anayeitumia huwa amewasahau waliouawa hapa hapa nyumbani.

Ndugu msomaji, hebu kwanza tuitazame hiyo milioni tisa. Ilitoka kwa Mjerumani mmoja, Gottfried Christian Voigt, wa mji wa Quedlinburg. Mnamo mwaka 1784 alisoma kumbukumbu za kesi chache za uchawi katika mji wake, akakisia ni wangapi waliouawa hapo kila miaka mia, kisha akazidisha kwa wakazi wa Ulaya nzima na kwa karne kadhaa. Jibu alilopata ni watu 9,442,994. Mtu amekisia kila kitu, halafu anatupa jibu linalohesabu hadi kichwa cha mwisho!

Hata hivyo hesabu hiyo ilipendwa. Waliolichukia Kanisa waliikariri katika karne ya kumi na tisa. Matilda Joslyn Gage, Mmarekani aliyepigania haki za wanawake, aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1893. Baadaye hata Wanazi wa Ujerumani waliona inawafaa kuupigia Ukristo. Kila mmoja alikuwa na ugomvi wake, na wafu wakawa fimbo mkononi mwake.

Wanahistoria waliokaa na majalada ya mahakama wakayasoma moja moja wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1450 na 1750 waliouawa Ulaya walikuwa kiasi cha watu 40,000 hadi 60,000. Walio wengi walikuwa wanawake. Wakatoliki waliua, Waprotestanti pia waliua, na hukumu nyingi zilitolewa na mahakama za miji na za watawala, wala si za makasisi peke yao. Ng'ambo ya bahari, huko Salem nchini Marekani, watu 19 walinyongwa mwaka 1692, na hao wote majina yao yanajulikana.

Je, watu elfu hamsini ni wachache kwa kuwa si milioni tisa? Hasha! Hata mmoja ni wengi mno kwa mama aliyemzaa. Ninachosema ni kwamba anayewaongezea wafu idadi hawaheshimu, maana akigunduliwa kuwa amesema uongo juu ya milioni, hatasadikiwa tena hata akisema kweli juu ya mmoja.

Sasa turudi kwetu. Wakamba wa zamani walitofautisha uwe, yaani uganga wa kuponya na kutazamia, na uoi, yaani uchawi wa kudhuru. Mtu aliyeshukiwa kuwa mchawi sugu, sawasawa na mwizi sugu, aliweza kuuawa na wanaume wa eneo zima kwa pamoja. Hukumu hiyo iliitwa king'ole. Charles Dundas, aliyekuwa ofisa wa serikali huko Kitui kabla ya vita vya 1914, ni mmoja wa walioiandika habari yake. Haikuwa ghasia tu za vijana. Ilitakiwa wazee wakae, na ndugu wa karibu wa mshukiwa akubali. Kwa kuwa wote walishiriki, hapakuwa na mtu mmoja wa kudaiwa damu.

Wako wanaoisifu desturi hiyo kwa kuwa ilikuwa na utaratibu. Mimi sioni kwamba utaratibu ulimsaidia sana mshtakiwa. Tunasema "wengi wape", na ni methali nzuri katika mambo ya kugawana. Lakini wengi wanapomzunguka bibi kizee mmoja ambaye hata jamaa yake amekwisha kumtoa, je, hao wengi tuwape nini?

Jambo hili lilionekana wazi katika kesi kubwa ya mwaka 1932. Katika wilaya ya Machakos ya wakati ule, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa na Makueni ndani yake, bwana mmoja aitwaye Kumwaka wa Mulumbi aliamini kwamba mkewe amerogwa. Aliyeshukiwa ni mwanamke aitwaye Mwaiki. Wanaume walimpiga kwa fimbo mpaka akafa. Watu 70 wakapelekwa mahakamani, na 60 kati yao wakahukumiwa kunyongwa. Hawakuficha walilotenda. Hoja yao ilikuwa kwamba walifuata mila.

Habari hizo zilienea mpaka London na Marekani. Wakubwa walibishana: Je, ni haki kuwanyonga watu 60 kwa kifo cha mtu mmoja? Je, sheria ya Mwingereza iishinde mila ya Mwafrika? Mwishowe hawakunyongwa. Adhabu ilibadilishwa ikawa kifungo. Nami nasema ni vyema hawakunyongwa, maana vifo sitini visingemrudisha Mwaiki. Lakini tazama jinsi hesabu ilivyokwenda. Wale 70 walihesabiwa, wale 60 walihesabiwa, na kesi ikaingia vitabuni kwa jina la Kumwaka na wenzake 69. Mwaiki ndiye aliyekufa, na jina lake halimo katika anwani ya kesi yake mwenyewe.

Jirani zetu wa Tanzania wametupita katika jambo hili. Serikali yao ilihesabu, ikaona kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu za uchawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu yao walitoka Usukuma. Ni hesabu ya kutia uchungu, lakini ni ya kweli, na mtu hawezi kutibu donda alilolifunika nguo. Ukiilinganisha na zile karne tatu za Ulaya utaona kwamba mambo haya si hadithi za kale. Kwetu Kenya pia, mnamo Mei 2008 wazee 11 waliuawa kwa moto huko Kisii, na mwaka 2021 vikongwe wanne wakauawa huko huko kwa tuhuma za namna hiyo hiyo.

Najua wasomaji wengine watasema: "Lakini uchawi upo." Sitaki kubishana nao leo. Hata anayeamini kwamba upo, naamwambie ni kipimo gani kilichowahi kumtofautisha mchawi na mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Ndiyo maana sheria ya uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kuwa kosa kumtangaza mtu kuwa mchawi, isipokuwa kwa kupeleka habari mbele ya wenye mamlaka kama vile polisi na chifu. Wengi wetu tunaijua sehemu inayowakataza waganga wa uongo. Hii ya pili hatuisemi.

Ombi langu ni dogo. Kila chifu wa Kitui na Makueni na awe na daftari. Kifo cha mzee aliyetuhumiwa kinapotokea, kiandikwe kwa jina, kijiji na mwaka, na tuhuma yenyewe iandikwe mtu angali hai ili alindwe mapema. Makanisa na misikiti, yanapotaja majina ya wafu, yasione haya kuyataja na haya. Walimu wa historia nao wawafundishe vijana kesi ya 1932 pamoja na ile ya Salem, na waanze na jina la Mwaiki. Na siku nyingine mtu akikuambia ndani ya matatu habari ya milioni tisa, mwulize anawajua wangapi wa kijijini kwao.