Tarime na Serengeti: Nukta Zipi Zionwe na Kila Mtu?

Ni usiku wa Desemba, shule zimefungwa, na simu inaita kwenye nyumba salama ya Mugumu. Binti amekimbia kwao, au jirani ameona maandalizi ya ukeketaji kwenye boma fulani. Askari wapo, gari lipo. Boma lenyewe liko wapi? Miaka kumi na kidogo iliyopita, ukifungua ramani ya simu kwenye vijiji vingi vya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, uliona barabara kuu, na pembeni yake uwanda mtupu, kana kwamba hakuna anayeishi pale.

Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza 2015, umejaza sehemu kubwa ya uwanda huo. Watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kukanyaga Mara, huchora kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kile wanachokiona katika picha za satelaiti: mstatili juu ya bati linalong'aa, duara juu ya msonge wa nyasi, mstari juu ya njia ya ng'ombe. Lakini satelaiti haijui majina. Jina la kitongoji, la zahanati, la mashine ya kusaga huandikwa na mtu wa palepale, anayetembea kwa miguu na simu mkononi. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, hutumia ramani hizo kuwafikia mabinti wanaokimbia ukeketaji.

Ubishi unaanzia kwenye hatua inayofuata. Je, matukio yenyewe ya ukeketaji yawekwe kwenye ramani, yapangwe mwaka kwa mwaka, ili mtu avute kidole kwenye kioo cha simu na kuona kilichotokea, wapi na lini? Mimi nasema yawekwe, lakini si yote yaonwe na kila mtu.

Tuanze na takwimu tunazozitegemea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 28. Tunashangilia kushuka huko, na tuna haki. Ila mwanamke wa miaka 45 aliyehesabiwa 2022 huenda alikeketwa miaka thelathini kabla. Namba hiyo ni historia ya mama zetu, na haituambii mabinti wa darasa la sita walifanyiwa nini Desemba iliyopita. Tena ni wastani wa mkoa mzima. Inawachanganya Wajaluo wa Rorya, ambao mila yao haina ukeketaji, na koo za Wakurya wa Tarime na Serengeti. Kwa wastani wa namna hiyo, Tarime inajificha nyuma ya Rorya.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali haliwezi kulionyesha. Kwa Wakurya tohara, pamoja na ukeketaji, huenda kwa misimu, na kwa kawaida msimu hufanyika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wa kila ukoo ndio wanaotangaza: Wairegi wana wao, Wanyabasi wana wao, Wanchari wana wao. Kundi linalotahiriwa pamoja hupewa jina la saro, na mzee hukutajia saro lake pale wewe unapotaja mwaka wako wa kuzaliwa. Kwa hiyo mstari wa wakati si mgeni Tarime. Wenyewe wanao tangu zamani. Ukiuweka ubavuni mwa kalenda ya kawaida, utaelewa kwa nini taarifa ya mwaka witiri husomeka kama ushindi, halafu mwaka unaofuata nyumba salama zinafurika.

Sasa hatari. Kwenye kitongoji chenye maboma kumi na mawili, nukta moja ni binti mmoja. Baba ataiona, shangazi ataiona, na ngariba vilevile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi nyeti, na hapo nakubaliana nayo kwa moyo wote. Kuna mtego mwingine pia: ramani ya taarifa huonyesha kwanza mahali palipo na mtu wa kutoa taarifa. Kata isiyo na nukta hata moja inaweza kuwa imeacha mila, au imenyamaza tu, au inawavusha mabinti mpaka wa Kenya usiku. Mpangaji wa bajeti akiiona nyeupe atapeleka fedha kwingine.

Kwa maoni yangu, barabara, nyumba, shule na vituo vya polisi vibaki wazi kwa wote. Matukio yaonyeshwe kwa kata na kwa msimu, na kata isiyo na mtoa taarifa ipakwe rangi yake, isiachwe nyeupe. Mahali hasa pa tukio pajulikane na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ofisa ustawi wa jamii pekee. Na halmashauri zote husika zilibebe jambo hili kwenye bajeti zao, lisiachiwe watu wa kujitolea walio ng'ambo.

Mwaka 2026 unagawanyika kwa mbili, na 2028 pia.