Dai chako, lakini usiongeze chumvi



Jumapili moja, nikiwa sakristia hapa Njoro najiandaa kwa Misa ya kwanza, meseji ya benki iliingia kwenye simu. Shilingi 185,000 zilikuwa zimekatwa kwenye akaunti yangu na hoteli ya Dodoma niliyolala usiku mmoja tu, siku nne kabla. Chumba nilikwishalipia kwa kadi na risiti nilikuwa nayo. Nakiri kwamba Misa ile niliiadhimisha midomo ikisali na moyo ukipiga hesabu.

Baada ya Misa nilipata washauri wawili. Wa kwanza alisema, “Baba, samehe tu, Mungu atakulipa.” Wa pili alisema, “Baba, nenda benki ukane, sema huo muamala huujui kabisa. Watakurudishia zote.” Wote wawili wananipenda, na wote wawili walikosea.

Tuanze na wa kwanza. Kadi nyingi tulizo nazo hazitukopeshi. Zinachota moja kwa moja kwenye akaunti. Mama aliyeweka humo ada ya mtoto, akikatwa kimakosa Desemba, Januari inamkuta mikono mitupu. Kumwambia huyo anyamaze kwa jina la Yesu ni kumtwisha mzigo ambao Yesu hakumtwisha. Tena kunyamaza si kusamehe. Wapo wanaonyamaza mapokezi, kisha katika kila msiba wanaokwenda huitangaza hoteli hiyo kuwa ya wezi. Anayesamehe kweli hulitaja kosa kwanza, mbele ya aliyelitenda.

Wa pili karibu anishinde. Nilikaa mezani nikaanza kuandika barua kwamba sikutumia kitu chochote zaidi ya chumba. Kalamu ikasita. Nilikumbuka chakula nilicholetewa chumbani usiku na shati nililofuliwa. Nilisema ningelipa asubuhi, na asubuhi nikakimbilia basi. Jumla yake ilikuwa shilingi 25,000. Lilikuwa deni langu, padre mhubiri wa amri ya saba, nami nilikuwa tayari kuifuta kwa kuivunja ya nane.

Basi nikafuata njia ya Mathayo sura ya 18: anza na ndugu yako, ninyi wawili peke yenu, asiposikia, ongeza mashahidi, akikataa bado, lipeleke mbele zaidi. Ajabu ni kwamba madai ya fedha nayo hupita humo humo. Unaanza na hoteli, risiti mkononi. Ikikataa, unaandikia benki yako mapema bila kungoja miezi ipite. Benki nayo isipokutendea haki, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko, na zipo kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Ila kabla ya yote uliza benki jambo moja: fedha imekatwa kweli, au imezuiwa tu? Hoteli nyingine huomba kiasi kizuiwe kama dhamana mgeni anapoingia, na huachiliwa baada ya siku kadhaa. Usimwite mtu mwizi kabla ya kujua hilo.

Nilipiga simu. Binti wa mapokezi alitafuta, akakuta nimeandikiwa usiku wa pili ambao sikulala: shilingi 160,000. Sauti yake ikabadilika. “Baba, wakijua ni mimi niliyekosea, watanikata mshahara.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dai langu lina mtu ndani yake. Sikuliacha, kwa kuwa kosa lisilosahihishwa humngoja mgeni mwingine. Nilimwomba meneja arudishe 160,000, abaki na 25,000 zilizo halali yake, na asimkate binti yule. Aliahidi. Fedha zilirudi baada ya siku kadhaa. Kama ahadi kuhusu binti ilitimizwa sijui, na hilo linanisumbua kuliko zile siku za kungoja.

Nawe msomaji mwenye hoteli au nyumba ya wageni, hasa hapa Moshi ambapo Desemba ndugu zetu hurudi nyumbani kwa Krismasi na vyumba hujaa: mwambie mgeni kila gharama kabla hajatoa kadi. Ukikosea, rudisha bila kuzungushana naye. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mgeni wako anaomba mara moja tu. Na kosa la kibinadamu usilikamue kwenye mshahara wa mnyonge.

Wiki hii, kama una dai, kaa na risiti zako na dhamiri yako mezani pamoja. Hesabu ulichokatwa, kisha hesabu ulichokula. Tofauti yake ndiyo haki yako. Idai kwa upole, usiiache wala usiiongeze.

Jumapili njema.