Kisanduku cha kutafutia hakijaapa

Wiki iliyopita laptopu yangu iligoma, nikaingia saiba moja hapa Hurlingham. Kuandika herufi mbili tu kwenye Google, chini yakajipanga aliyoyatafuta aliyenitangulia: dalili, kipimo, bei ya dawa. Hakuwa ametoka kwenye akaunti yake, kwa hiyo hata jina lake nililiona. Nilimtoa, lakini nilikuwa nimeshajua nisichopaswa kujua.

Jamani, mtaa huu umejaa kliniki, na daktari anabanwa na kiapo cha kutunza siri. Kisanduku cha kutafutia hakijaapa.

Tena msidhani kuficha jina kunatosha. Mwaka 2006 AOL ilianika mtandaoni yaliyotafutwa na wateja wapatao 650,000, kila jina likiwa limegeuzwa namba. Waandishi wa New York Times walifuatilia maneno ya namba moja, wakampata mwenyewe: mama wa miaka 62 jimboni Georgia, Marekani.

Na dirisha la faragha je? Linakusitiri kwa atakayekalia kiti baada yako. Google bado inapokea swali lako.

Kenya tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kuomba taarifa zako zisizohitajika tena zifutwe. Nzuri, ila haitakutoa kwenye akaunti pale saiba. Hiyo ni kazi yako. Mimi mambo ya afya nayatafuta kwa DuckDuckGo, bila kuingia akaunti yoyote, na historia yangu ya Google nimeiweka ijifute kila baada ya miezi 3.

Ni dakika mbili tu. Fanya leo.