Mkunga wa Athi apewe njia

Noonkopir iko jirani na Mto Athi, lakini mto huo huzungumzwa zaidi kwa sababu ya uchafu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba maji yake huishia Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi, na kwamba kuna samaki anayeipanda njia hiyo.

Ni mkunga. Huzaliwa baharini, kisha huingia mtoni angali mdogo, mwili ukipitisha mwanga kama kioo, macho tu ndiyo yanayoonekana, meusi. Hukaa mtoni miaka mingi, halafu hurudi baharini, huzaa mara moja na kufa. Samoni wa Pasifiki hufuata njia ya kinyume: hukulia baharini, na wengi hupanda mto majira ya vuli kwenda kuzaa.

Katika jimbo la Washington, Marekani, mabwawa mawili yasiyo na ngazi za samaki yaliufunga Mto Elwha kwa takriban karne moja. Yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Samoni wakarudi, na Oktoba 2023 jamii ya wenyeji asilia ya Klallam ikawavua tena.

Hapa Kenya, ujenzi wa bwawa la Thwake kwenye Mto Athi ulianza 2018, na ukuta wake ni wa takriban mita 80. Ukambani unahitaji maji hayo, tena sana. Hata hivyo ukuta huo usimfungie mkunga njia: mkunga mchanga hupanda hata mwamba uliolowa. Mfereji wenye unyevu na sakafu ya kukwaruza ungemfaa, au anaswe chini ya ukuta na kubebwa juu. Wizara ya Maji itangaze hadharani ni njia ipi itakayotumika.