Tusiwapime wanasoka kwa jumlisha na toa pekee

Kandanda ni mchezo unaoenziwa mno katika nyanda za Trans Nzoia na Bungoma. Kitale ina St. Anthony's na Wiyeta, shule ambazo zimetamba kwa miaka mingi katika mashindano ya shule za sekondari. Bungoma nayo ina Nzoia Sugar, klabu iliyopata kushiriki Ligi Kuu ya taifa. Kwa kijana wa pande hizi, nafasi katika timu si burudani tu. Mara nyingi ndiyo karo yake, na ndiyo tumaini lake la kazi. Namna tunavyompima kijana huyo, basi, si jambo la kufanyiwa mzaha.

Miongoni mwa vipimo vinavyowavutia wapenda tarakimu ni kile cha jumlisha na toa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Timu ikifunga bao, kila mchezaji wake aliye uwanjani huongezewa alama moja. Ikifungwa, kila mmoja hupunguziwa moja. Mwisho wa msimu alama hujumlishwa, na mwenye nyingi huhesabiwa kuwa bora.

Yafaa ifahamike kwamba kipimo hiki hakikuzaliwa katika kandanda. Kilianzia kwenye mpira wa magongo wa barafuni, ambako klabu ya Montreal Canadiens ya Kanada ilikitumia katika miaka ya 1950, na ligi ya NHL ikakifanya rasmi katika msimu wa 1967/68. Baadaye kikaingia katika mpira wa vikapu. Katika michezo hiyo wachezaji huingia na kutoka mara nyingi katika mechi moja, na katika mpira wa vikapu timu yaweza kupata zaidi ya pointi 100. Hapo hesabu ina mengi ya kulinganisha.

Kandanda haiko hivyo. Mechi nzima ya dakika 90 huenda ikatoa mabao mawili au matatu, au isitoe hata moja. Atokaye harudi tena. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu wachezaji watatu tu wa akiba katika mechi za ligi, kabla ya idadi hiyo kufikishwa watano mwaka 2020. Hivyo wengi huanza pamoja na kumaliza pamoja, na kipa, beki na mshambuliaji huondoka na alama zile zile. Hesabu isiyoweza kuwatofautisha itawahukumu vipi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Beki wa shule yenye nguvu mjini Kitale anashuhudia wenzake wakifunga mabao matano, naye hajagusa mpira ila mara chache. Anapata alama tano. Siku hiyo hiyo, beki wa shule ndogo ya kijijini Bungoma anaokoa hatari kumi, lakini timu yake inalala kwa mabao mawili. Anapewa upungufu wa mbili. Mteuzi aliyeketi ofisini na karatasi yake atamchukua wa kwanza na kumwacha wa pili, naye aliyeachwa atarudi shambani bila kujua kosa lake.

Tumkumbuke pia Victor Wanyama. Novemba 7, 2012, alifunga bao la kichwa Celtic ilipoishinda Barcelona 2-1 huko Glasgow, na wengi humkumbuka kwa bao hilo. Lakini kazi yake kuu ilikuwa kuvunja mashambulizi katikati ya uwanja. Shambulizi lililovunjwa halizai bao, na lisilozaa bao halionekani katika jumlisha na toa.

Hatusemi kwamba tarakimu hazina maana. La hasha! Zina fadhila moja kubwa: hazijui ukoo wala hazipokei chai. Penye upendeleo, mtoto wa maskini aweza kuzitumia kama shahidi wake. Isitoshe, kipimo hiki kinakumbusha jambo la kweli, kwamba wafungaji si timu yote. Lakini shahidi anayempa mmoja sifa za watu 11, au kumbebesha mmoja lawama zao, hawezi kuaminiwa peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Twawasihi walimu wa michezo na wateuzi wa klabu wafike uwanjani na kutazama kwa macho yao, si mechi moja bali kadhaa. Waandike mipira aliyonyang'anya kijana, pasi zilizofika, na nguvu ya wapinzani aliokabiliana nao. Kisha waitazame jumlisha na toa, kama watapenda, mwisho wa yote. Kijana wa Bungoma aliyeokoa hatari kumi anastahili angalau kutazamwa kabla ya kukatwa jina.