MAONI: Kabla ya kununua nyongeza za Stellaris, maliza kwanza galaksi uliyo nayo

Wiki iliyopita binamu yangu wa Busia alinitumia ujumbe saa tano usiku: "Bro, nyongeza za Stellaris ziko na ofa. Nichukue zote ama nichukue ngapi?" Hakunisalimia hata. Nikajua kidole tayari kiko juu ya kitufe cha kulipa.

Nilimjibu kwa neno moja: "Subiri." Makala haya ni maelezo marefu ya neno hilo. Ni ya kwake, na ni ya msee yeyote mwenye laptopu, kitu kidogo kwenye M-Pesa, na hamu ya kutawala anga.

Kwa wasioijua, Stellaris ni gemu ya mikakati ya angani. Ilitengenezwa na Paradox Development Studio ya Sweden na kutolewa Mei 9, 2016. Unaanza na sayari moja, meli chache na jamii uliyoiunda mwenyewe. Unachunguza nyota, unaweka makoloni, unafanya biashara na majirani, unaingia miungano, na ikibidi unapigana. Raundi moja inaweza kukulia jioni za wiki mbili tatu.

Sasa hesabu. Tangu 2016 gemu hii imeongezewa zaidi ya nyongeza 20, zile ambazo wachezaji huziita DLC. Kubwa kama Utopia na MegaCorp bei yake kamili ni karibu dola 20 kila moja. Kuna ndogo za kuongeza sura za viumbe na mitindo ya meli, ambazo ni dola 8 hivi. Ukijumlisha zote bila ofa, unapita dola 250. Kwa kiwango cha karibu Sh130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya Sh32,000. Huku kwetu Chakol, na pesa hizo unaingia sokoni na kutoka ukivuta ng'ombe.

Msimamo wangu ni huu: usinunue nyongeza yoyote mpaka uweze kutaja, kwa sentensi moja, uamuzi ambao gemu ya kawaida inakunyima. Ukishindwa kuitunga sentensi hiyo, bado hujahitaji nyongeza. Unachohitaji ni kumaliza gemu uliyo nayo.

Kosa langu la Desemba

Siongei kama mwalimu. Naongea kama mtu aliyechomeka.

Desemba 2023 nilikuwa nafanya kazi kwenye duka moja la kupiga chapa na kujaza fomu za mtandaoni pale Malaba. Wateja wetu wengi walikuwa madereva wa malori na vijana wa kutafuta kazi. Ofa za mwisho wa mwaka zilipofika, nikachukua kifurushi cha nyongeza kwa karibu dola 60. Wakati huo dola ilikuwa imepita Sh150, kwa hivyo nilitoa zaidi ya Sh9,000. Nikajipongeza kwamba nimeokoa nusu ya bei.

Nikaziwasha zote siku moja. Skrini ikajaa vitufe nisivyovielewa na maswali nisiyojua kwa nini naulizwa. Nikaanza raundi nne, na sikumaliza hata moja.

Mwezi wa pili mama aliniuliza kama naweza kumsaidia na mbolea kabla ya mvua za Machi. Sikuwa na kitu. Aliuza kuku watano. Hakusema lolote, nami sikumwambia pesa zangu zilienda wapi. Usiku huo nilifungua ukurasa wa gemu nikaangalia saa nilizocheza tangu ninunue kile kifurushi. Zilikuwa 11.

Simlaumu aliyeitengeneza gemu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilichonunua kilikuwa neno "ofa". Na punguzo la nusu bei kwa kitu usichokihitaji halijakuokolea chochote. Limekula ile nusu nyingine.

Malaba ya angani

Nilipotulia, nilizima nyongeza zote. Programu ya kufungulia gemu inakuruhusu kufanya hivyo. Nikaanza upya na gemu tupu, na hapo ndipo nikaijua Stellaris.

Hebu niwape mfano mmoja. Zamani wachezaji walikuwa na njia tatu tofauti za kusafiri kati ya nyota. Februari 2018, sasisho la 2.0 likaweka kila mtu kwenye mfumo mmoja wa njia maalumu zinazounganisha nyota moja na nyingine. Huwezi kukata kona. Maana yake ni kwamba kuna nyota ambazo lazima kila meli ipitie. Ukiishika moja ya hizo, umeshika mlango wa nchi yako.

Mtu aliyekulia huku hahitaji kufundishwa jambo hilo. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Congo hupitia Malaba au Busia. Milango hiyo miwili ikikwama, foleni inarudi nyuma kilomita nyingi, na maumivu yanamfikia kila mtu, kuanzia dereva hadi mama anayeuza chai na chapati kando ya barabara. Basi nami kwenye ramani ya nyota nikatafuta Malaba yangu, nikaijengea kituo cha ulinzi, nikakaa nyuma yake nikijenga uchumi kwa utulivu. Nilimaliza raundi yangu ya kwanza hivyo, bila nyongeza hata moja.

Sasisho lile la 2018 lilikuwa la bure kwa kila mwenye gemu. Mageuzi makubwa ya uchumi wa sayari mwishoni mwa mwaka huohuo, vilevile bure. Mwaka 2021 kampuni ikaunda kikosi maalumu cha kukarabati sehemu za zamani za gemu. Kwa hivyo anayekwambia gemu ya kawaida ni kiunzi kitupu bila nyongeza anakudanganya. Ni kweli kwamba wanaonunua nyongeza ndio wanaolipia kazi hiyo inayotufikia sote, na hilo ni jambo la haki. Lakini shukrani si sababu ya kununua kitu usichokitumia.

Sentensi inapopatikana

Baada ya raundi ya tatu ndipo sentensi yangu ilipokuja yenyewe: "Nataka kutajirika ndani ya nchi za wengine bila kuziteka." Gemu ya kawaida hainipi njia hiyo kikamilifu. MegaCorp, iliyotoka Desemba 2018, inanipa. Ukiwa nayo unaweza kuongoza taifa ambalo kwa kweli ni kampuni kubwa, ukafungua matawi kwenye sayari za majirani mliokubaliana kibiashara, na kila tawi likakuletea faida.

Kwangu mimi hiyo si ndoto ya kigeni. Neno bodaboda lenyewe linasimuliwa kuwa lilizaliwa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Hawakuhamisha mpaka hata inchi moja. Waliona pengo, wakalifanya kazi. MegaCorp niliicheza kwa akili hiyo, na nyongeza hiyo pekee imenipa saa nyingi kuliko zile nyingine zote za kifurushi changu zikijumlishwa.

Kwa wengine sentensi itakuwa tofauti. Ukisema, "Nimefika katikati ya raundi, nina nguvu, na sina jambo kubwa la kujenga," basi Utopia ya Aprili 2017 ndiyo yako: inakuwezesha kujenga miundo mikubwa kama ile inayozunguka nyota nzima ili kunasa nguvu zake. Ningeshauri mtu anunue moja tu, kwa wengi ingekuwa hii.

Ukisema, "Miungano yangu yote inafanana," tazama Federations ya Machi 2020. Inakupa miungano ya aina mbalimbali, ya biashara, ya kijeshi, ya utafiti, na wanachama wasipopatana mshikamano unashuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa 1967, ikavunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999. Ukikumbuka historia hiyo hutashangaa galaksi ikikufanyia hivyohivyo.

Apocalypse, yenye silaha ya kulipua sayari nzima, nakushauri uiache iwe ya baadaye. Inasisimua mara ya kwanza na ya pili. Kisha unagundua kwamba sayari uliyoilipua ungeweza kuitoza kodi. Na zile nyongeza ndogo za viumbe? Mimea, mawe, viumbe vya majini, vyote vinapendeza, na baadhi huja na uwezo wake maalumu. Zinunue ukiwa tayari umenasa kabisa, si kama mlango wa kuingilia.

Chungu kimoja, mirija mingi

Kabla ya kulipa, uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: utacheza na nani?

Stellaris ikichezwa na watu wengi mtandaoni, nyongeza zinazotumika ni za yule anayefungua mchezo. Wengine wanaojiunga wanafaidi sehemu kubwa ya vitu vyake wakiwa na gemu ya kawaida tu, mradi wote wawe na toleo moja. Wateso wenzangu watanielewa haraka: ni kama ajon. Mmoja analeta chungu, kila mtu anakuja na mrija wake. Hakuna haja ya kila mgeni kubeba chungu.

Kwa hivyo kama mbogi yenu ni ya watu wanne, msinunue MegaCorp nne. Changeni kama chama, mmoja wenu awe ndiye anayefungua mchezo. Jambo la kukubaliana mapema ni kwamba nyongeza inabaki kwenye akaunti yake. Msipoelewana hapo mwanzo, mtagombana baadaye.

Njia nyingine ni kukodi. Tangu 2024 kuna usajili wa mwezi unaokufungulia nyongeza kwa karibu dola 10, yaani Sh1,300 hivi. Kwa mwanafunzi aliyefunga chuo na ana wiki nne za likizo, hiyo ina maana kuliko kununua vitu vya Sh10,000 kisha urudi darasani. Lakini ukimaliza, usisahau kufuta usajili. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa ni tamu kwa kulipa, na ni tamu vilevile kwa kukatwa mwezi unaofuata ukiwa umelala.

Halafu itazame mashine yako. Kadiri raundi inavyosonga na galaksi kujaa watu, kompyuta yenye nguvu ndogo huanza kukokota. Hakuna nyongeza itakayokutibia hilo. Kama laptopu yako inahema kabla hujafika mwaka wa mia wa mchezo, pesa zako ziende kwenye RAM au akiba ya mashine nyingine.

Najua kuna atakayeuliza, "Kwa nini nilipe na flashi iko?" Nami nilianza na nakala ya flashi, sijifanyi mtakatifu. Lakini nakala hiyo imeganda kwenye toleo lake. Masasisho ya bure niliyoyataja hayakufikii kirahisi, na kucheza na wenzako mtandaoni kunakuwa taabu. Unaweza kuwa na nyongeza zote 20 kwenye flashi na bado ukawa na gemu ndogo kuliko ya mwenye nakala halali tupu.

Raha ina bei, na si mbaya

Kuna wazee wetu watakaosema gemu yote ni upuzi, iwe na nyongeza au bila. Siafiki. Mtu akikaa na marafiki jioni akipanga njia za biashara ya galaksi, hajamdhuru yeyote, na Sh2,600 kwa burudani ya miezi mitatu si anasa kuliko Sh2,600 za Jumamosi moja ya kuruka mji.

Tofauti ni kama umeitumia. Nyongeza iliyochezwa saa 60 ilikuwa rahisi. Nyongeza ya bei ya kutupa ambayo hujaigusa ilikuwa ghali. Na ofa hazitakimbia: zinarudi katikati ya mwaka, zinarudi Novemba, zinarudi Desemba, na nyongeza za zamani ndizo hukatwa bei zaidi.

Mwaka huu mbolea niliinunua mapema, kabla mama hajauliza. Kisha ndipo nikaangalia kilichobaki.

Binamu naye nilimpigia asubuhi. Nikamuuliza, "Umemaliza raundi ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Nusu."

"Basi maliza hiyo nusu. Ukimaliza niambie umekosa nini."

Alicheka, lakini hakulipa. Jumamosi anakuja Chakol na laptopu yake. Mimi nina MegaCorp, yeye alete mrija.