KICHEKO HAKIFUNDISHI KIINGEREZA

Ndugu wananchi wa Utende, Chole, Juani na Jibondo, leo tuna neno na vijana wetu waliosoma. Umezuka mtindo mbaya mikutanoni. Mzee akisimama mbele ya mgeni, akajaribu maneno yake machache ya Kiingereza, akakosea, wanaoanza kucheka si wageni. Ni watoto wetu wenyewe, tuliowasomesha kwa samaki na nazi. Mzee huketi, na hoja aliyokuja nayo, ya kiwanja au ya mahali pa kuvulia, huketi naye.

Hatusemi makosa yaachwe. Sisi tumepita chuo cha ualimu, chaki tumeishika, na kosa twaliita kosa. Lakini twawauliza wachekaji: mwajua limetoka wapi?

Mtu akisema "he" naye anamtaja mama yake, hakumdharau mama. Kwa lugha yetu mwanamume ni yeye na mwanamke ni yeye. Akisema "borrow me" badala ya "lend me", ni kwa sababu sisi huazima kwa jirani, na jirani tukamwambia, "Niazime jembe." Neno ni hilo hilo kwa anayetoa na anayepokea. Akisema "I hear a smell", amefasiri sawasawa: sisi husikia harufu, husikia njaa, husikia na baridi. Huyo si mjinga. Anafuata sheria, ila ni sheria ya nyumba nyingine. Mwambie hivyo, na kesho hatarudia. Ukimcheka, kesho hatasema kabisa.

Liko kosa moja lenye hasara kubwa, nalo ni la saa. Sisi huhesabu kutoka macheo, Waingereza huhesabu kutoka usiku wa manane. Nahodha akikusudia saa mbili ya asubuhi, akamwambia mgeni "two o'clock", wamepishana saa sita. Na saa sita katika Ghuba ya Chole si jambo la mzaha, maana ndio muda wa maji kutoka kujaa mpaka kupwa! Mgeni atafika na mizigo yake akute mashua imekalia mchanga, na nahodha ataitwa mwongo. Hapo sarufi imeingia mfukoni mwa mtu. Basi na afundishwe kusema "eight".

Tena hao wenye Kiingereza wasidhani lugha yao haina vituko. Wale popo wakubwa wanaoning'inia mitini kisiwani Chole, Kiingereza huwaita mbweha warukao. Papa potwe, anayeonekana upande wa Kilindoni, humpa jina la nyangumi, naye ni samaki mwenye mashavu ya kupumulia majini. Hatujasikia mtu akimcheka Mwingereza kwa hayo.

Twajua kasumba hii ilikoanzia. Mtoto husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha akiingia kidato cha kwanza, hesabu na elimu ya viumbe humgeukia Kiingereza kwa siku moja. Anayeponea hapo hujiona amevuka bahari, akawasahau waliobaki pwani. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, na mwaka 1963 ikachapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Kiingereza hakikumshinda. Lakini TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikwenda vijijini na Kiswahili. Kama ingengoja kwanza kila mkulima apambanue "he" na "she", Uhuru wa 1961 tungekuwa tunaungoja hata sasa.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi yeyote atakayeleta karatasi ya ardhi au ya ghuba hii, aisome kwa Kiswahili mbele ya mkutano kabla mzee hajatia dole gumba. Kijana aliyesoma, kazi yake siku hiyo ni kufasiri, neno kwa neno, bila kuficha.

Na wenye kutaka Kiingereza wajifunze. Darasa litafunguliwa Utende kila Jumamosi jioni, bure, wazee na vijana pamoja. Somo la kwanza ni saa. Tutaanza saa kumi na moja, kwa saa zetu.